Hoho za Jana

Kabasa, Bunda
17 Machi 1974

Mdogo wangu Clementi,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Dorotea na watoto wote hapo Kamunyonge. Sisi huku tunapumua. Mvua imenyesha mara mbili ikaona inatosha. Ng'ombe wa kijiji amezaa ndama mwenye akili kuliko mwenyekiti wetu Makongoro, na pamba yangu imeota yote. Mama nilikwenda kumwona Butiama majuma mawili yaliyopita. Goti linamsumbua, mdomo haumsumbui. Amekuulizia. Nimemwambia una kazi nyingi, maana hilo ndilo neno la adabu kuliko yote niliyokuwa nayo.

Labda umesikia kwamba mkuu wa ofisi yenu alitutembelea. Kama alirudi anasifu chakula, mpishi ni mimi, na hadithi yake ni hii.

Mwaka jana bwana shamba Felisiani alituletea mbegu za pilipili hoho, akaagiza kila nyumba kumi zilime bustani yake, lori la kupeleka mavuno Musoma litakuja lenyewe. Tukalima. Lori bado linakuja. Wanawake wenzangu waliposikia neno pilipili walishika adabu. Wakawa wanakata kipande kama ukucha na kukitia kwenye chungu cha watu wanane, halafu wanatazamana nani ataanza kulia. Hoho moja ilikaa juma zima jikoni huku mia mbili zinaozea shambani. Felisiani akaandika kwenye taarifa yake kwamba wananchi wameipokea mboga hiyo kwa tahadhari.

Siku moja niliweka hoho nne kwenye makaa kando ya sato niliyekuwa namchoma. Ikapigwa rimu ya gari kuita watu mkutanoni. Mkutano ulihusu kuheshimu saa, kwa hiyo ulichelewa kuanza. Niliporudi hoho zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, na jirani yangu Gati anaingia mlangoni. Unamjua Gati tangu Butiama. Nikazitupia kwenye sufuria nikafunika haraka, asije akatangaza kijiji kizima kwamba mwalimu wa kisomo anaunguza chakula. Alikaa saa nzima. Alipoondoka nikafunua ili nikatupe. Nikashika moja, ngozi ikavuka yenyewe kama shati. Ndani nyekundu, laini, tamu. Nikatia chumvi, nikala mbili. Mbili nilizosahau nilizila kesho yake, na hizo zilikuwa tamu zaidi.

Basi tulipoambiwa wageni watafika Alhamisi saa sita mchana, nikasimama kwenye kikao cha akina mama nikasema: mara ya mwisho tuliwachinjia majogoo wawili, wakafika kesho yake, tukala wenyewe kwa huzuni. Safari hii tupike kitu kinachoweza kuingoja serikali. Waligoma. Wewe unajua sababu, umelelewa na mama yule yule. Mgeni hupikiwa akiwa ameshaketi, asikie moshi na kelele za kuku. Kilichopikwa jana ni cha mtoto wa nyumbani, anajitolea mwenyewe chunguni. Nikawajibu kwamba wakubwa hawa wangekuwa wanajua desturi zetu wangejua kwanza kufika siku waliyosema.

Walifika Ijumaa saa tisa. Walikula hoho za Jumatano na ugali wa mtama mpaka mkuu wako akapangusa sahani kwa kidole. Nyuma ya jiko tulicheka mpaka Gati akakaa chini. "Jamani," anasema, "leo tumepata watoto wapya, na wote wana vitambi!"

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Huku inasemekana Operesheni ya kuhamishia watu vijijini itapita upande wa Butiama mwaka huu, na kwamba orodha za kaya zinaandikwa ofisini kwenu. Wewe ni karani. Nakuuliza swali moja: mji wa mama umo? Kama umo, ni siku gani? Mtama wake ameupanda kwa kuchelewa, na kaburi la baba liko pale.

Usinihubirie Ujamaa. Mimi nilihamia Kabasa mwaka 1970 kwa miguu yangu, mlango wa nyumba yangu nimejitwika kichwani, wakati wewe ulikuwa unatafuta kiti chenye mto. Nilihamia kwa sababu nilisoma na kuelewa. Nilichosoma mimi hakikuwa na lori ndani yake.

Dada yako,
Petronila


Kamunyonge, Musoma
9 Aprili 1974

Dada mpendwa Petronila,

Ni matumaini yangu makubwa kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, kama ilivyo kwangu na familia yangu. Dorotea anakusalimu. Watoto wanasoma vizuri. Upepo wa ziwa umeezua bati la choo, tumelirudisha.

Dhumuni la barua hii ni kukupongeza. Mkuu amerudi kutoka Kabasa hana wimbo mwingine. Juzi alisimama kwenye meza yangu akasema, "Wewe Wanzagi, yule mwalimu wa hoho si dada yako?" Dada, nina miaka sita katika ofisi hii na hiyo ni mara ya kwanza anataja jina langu bila kulikosea. Kutakuwa na wageni kutoka Dar es Salaam wakati wa Saba Saba. Mke wake anataka mboga hiyo iandaliwe siku moja kabla, maana siku yenyewe atakuwa kwenye gwaride. Nimeahidi kwamba utaniandikia namna ya kuipika. Tafadhali usiniangushe.

Kuhusu lile suala lako, napenda kukufahamisha kwamba mambo hayo yako katika hatua za utekelezaji, na wahusika watajulishwa wakati mwafaka.

Msalimu mama.

Ndimi mdogo wako,
Clementi W. Wanzagi


Kabasa, Bunda
21 Aprili 1974

Ndugu Karani,

Afya yangu ilikuwa njema mpaka nilipofika kwenye "wakati mwafaka". Gati alikuwa amekaa hapa akaniuliza mbona natoa sauti kama chura. Nikamsomea. Akasema, "Huyu si Clementi aliyekuwaga anajificha nyuma ya gunia akivunja kibuyu?" Nikamwambia ndiye. Gunia lake siku hizi lina muhuri wa serikali.

Mama amepata homa, amepona. Dume la mbuzi limekufa. Hizo ndizo habari za nyumbani, na hakuna hata moja iliyo katika hatua za utekelezaji.

Nimekuuliza maneno mawili, umenijibu kwa tangazo la redio. Wewe umeniomba chakula. Vizuri. Wewe una orodha, mimi nina hoho, basi tufanye biashara kama watu wazima. Jibu moja, hatua moja. Sitaki kuonekana mchoyo, kwa hiyo hatua ya kwanza nakupa bure: chagua hoho nyekundu zilizoiva, nene, bila michubuko. Ziweke juu ya makaa yaliyotulia, si kwenye ndimi za moto. Geuza kwa kijiti. Usizihurumie. Ziache mpaka ziwe nyeusi kila upande, nyeusi kabisa, mpaka mtu mwenye cheo aone aibu.

Zilizobaki ziko kwangu. Mji wa mama umo au haumo?

Petronila


Kamunyonge, Musoma
30 Mei 1974

Dada,

Salamu. Tuko wazima, ila mtoto wa mwisho alipata surua, sasa anacheza.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya aibu ambayo umenisababishia wewe. Mkuu aliamua tusisubiri Saba Saba, tuifanyie mboga majaribio nyumbani kwake. Mimi na Dorotea tukachoma hoho arobaini kama ulivyoagiza, nyeusi kabisa. Halafu hatukujua la kufanya. Dorotea akasema tukwangue kwa kisu. Zikachanika. Mimi nikasema tuzioshe kwenye ndoo. Utamu wote ukabaki kwenye ndoo, ngozi ikabaki kwenye hoho. Tukazipeleka hivyo hivyo, tukitumaini taa ya karabai haitaonyesha. Mkuu alikula mbili, akasimama kutoa shukrani, akatabasamu. Meno yake yalikuwa meusi kama ya mtu aliyetafuna mkaa. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alihutubia dakika ishirini.

Sasa amerudi kunikosea jina. Jana aliniita Wambura.

Dada, orodha ni siri ya kazi. Nikikuambia nitakuwa nimevunja kiapo. Unasahau kwamba mama ni mama yangu pia. Nitakuambia hili tu: orodha ipo.

Naomba hatua zilizobaki. Saba Saba haiko mbali.

Clementi


Kabasa, Bunda
8 Juni 1974

Clementi,

Huku wazima.

Meno ya mkuu yamenipa afya kuliko dawa yoyote ya zahanati. Nimeisoma barua yako darasani, wanafunzi wangu wazima wakaomba niirudie. Mzee mmoja amejifunza herufi "k" kwa neno karabai.

"Orodha ipo." Hilo ni nusu ya jibu, na nusu hiyo niliijua. Nami nakupa nusu ya hatua: ukitoa kwenye makaa, zitie kwenye sufuria, funika.

Mpaka lini zifunikwe, utaambiwa ukinitajia siku.

Umeniandikia eti mama ni mama yako pia. Nimetafuta kwenye barua zako zote mbili mahali ulipouliza habari za goti lake, sijapaona. Mtama wake umetoa masuke. Anasema mwezi wa nane mwishoni utakuwa tayari. Mwezi wa nane mwishoni, karani. Andika pembeni ya orodha yako.

Petronila


Kamunyonge, Musoma
3 Agosti 1974

Dada Petronila,

Sina habari za nyumbani leo.

Mji wa mama umo. Ni Jumatatu tarehe 12 Agosti. Watapelekwa kwenye kijiji kipya bondeni, maili nne kutoka pale, hakijapewa jina, kwenye karatasi kinaitwa Namba Kumi na Moja.

Orodha ya upande ule niliiandika mimi. Mwezi wa pili. Ulipouliza mara ya kwanza ilikuwa imeshatoka mezani kwangu. Nilifika kwenye jina lake nikasimama. Nilifikiri nikimruka watasema Wanzagi amependelea kwao, na nikimwandika basi nimetenda haki kwa wote. Wakati ule ilionekana kama ni jambo la kishujaa. Nikachovya kalamu nikaandika. Mtama sikuukumbuka. Kaburi nililikumbuka.

Saba Saba tuliwapa wageni kabichi.

Clementi


Kabasa, Bunda
2 Septemba 1974

Clementi,

Barua yako nimeipata. Juu umeandika tarehe 3 Agosti. Muhuri wa posta ya Musoma unasema 14 Agosti. Nimefundisha watu wazima kusoma miaka minne, na tarehe ni somo la pili.

Sikukuuliza sababu. Nakueleza tu yaliyotokea, kwa kuwa taarifa uliyopelekewa ofisini bila shaka inasema zoezi lilikwenda vizuri.

Mtu akiulizwa swali mara tatu akajibu kwa wakati mwafaka na kiapo, amejibu. Tarehe 8, tuliposikia malori yameanza kupita upande ule, nilichuma hoho zote zilizoiva, mia na zaidi, nikachoma kutwa. Nilijua mama atakuwa siku kadhaa bila jiko, na mtu asiye na jiko anahitaji chakula ambacho kimeshamaliza kupikwa. Nikazijaza kwenye chungu kikubwa, nikashuka basi njia panda, nikatembea. Mama aliponiona na chungu kichwani alisema, "Nani kafa?" Nikamwambia bado.

Lori lilifika Jumatatu saa mbili asubuhi. Angalia maajabu: safari hii mlifika siku yenyewe, tena mapema. Walikuwa na mgambo sita na karani mwenye karatasi. Wakampa nusu saa. Mimi nikaanza kuhutubia, unanijua. Nikawaambia kijiji cha Ujamaa ni watu wanaokubaliana, kwamba mtu ukimpakia kama gunia la pamba umehamisha gunia tu, kwamba mwezi mmoja wa subira ungevuna mtama na kuwapa mama mwenye moyo mkunjufu badala ya mama mwenye njaa. Mgambo mmoja alikubali kwa kichwa kila neno huku anang'oa mlango.

Mama hakuhutubia. Alimwendea karani, akamwomba karatasi. Yule akacheka, akampa, akidhani bibi anataka kuigusa tu. Mwaka jana nilimfundisha mama kusoma jina lake, cheti anacho. Akapitisha kidole polepole mpaka akalipata: Wankyo, mjane wa Wanzagi. Akalitazama sana. Halafu akasema, kwa sauti ile ya kusema chumvi imeisha:

"Huu mwandiko naujuaga. Ndio unaniletea salamu za Krismasi."

Akarudisha karatasi kwa mikono miwili.

Alichukua mafiga yake matatu. Mgambo akamwambia, "Bibi, acha mawe, huko bondeni mawe yamejaa." Akamjibu, "Hayo hayajui kupika." Wakapakia mafiga. Kaburi halikupakika.

Siku nne alilala chini ya shuka lililofungwa kwenye miti miwili. Hakukuwa na kuni wala maji ya karibu. Alikula hoho baridi na ugali niliokuwa nimeufunga kwenye majani ya mgomba. Siku ya pili akalamba kidole akasema, "Chakula hiki kilipata habari kabla yangu." Barua yako wakati huo ilikuwa bado iko mfukoni mwako.

Mtama umevunwa na ndege. Hawamo kwenye orodha yoyote.

Usinijibu kwa haraka. Najua huna desturi hiyo.

Petronila


Kamunyonge, Musoma
20 Oktoba 1974

Dada,

Salamu. Dorotea alinisusia chakula alipoisoma barua yako, kwa hiyo najipikia. Nimekuwa hodari wa kuunguza.

Barua niliiandika tarehe 3 na kuiweka mfukoni mwa koti. Kila siku nilipita mbele ya posta. Kichwani nilikuona ukifika ofisini na sauti yako, wote wakitoka kwenye vyumba vyao kutazama, mkuu akiuliza huyu ni nani. Nikasema kesho. Nimesema kesho mara kumi na moja. Tarehe 14 niliona haina hatari tena, nikaipeleka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili iliyopita nilikwenda Namba Kumi na Moja. Nilibeba sukari na blanketi. Nilitaka anitukane. Njia nzima nilikuwa najitayarisha kutukanwa, nimeshachagua na mahali pa kupiga magoti.

Mama alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu mgeni," akasema. Akaagiza kiti kwa jirani, kiti cha mti chenye mgongo, akanikalisha kivulini. Akaita, "Kamateni jogoo, jamani, nina mgeni kutoka Musoma!" Nikamwambia, "Mama, usisumbuke, nitakula chochote kilichopo." Akasema, "Hapana. Mgeni wa ofisi hawezi kula vilivyopo." Dada, pembeni yake, hatua tatu kutoka kiti changu, kilikuwepo chungu chako kimezungushiwa kitambaa kibichi. Nilisikia harufu ya kitunguu saumu. Mtoto wa jirani alikuja akafunua, akachota, akala, akaondoka. Hakuna aliyemkaribisha.

Mimi nilikula jogoo. Akanisimulia habari za mvua. Akaniuliza barabara ya Musoma ikoje siku hizi. Akanisindikiza mpaka njiani, na goti lile, akanishukuru kwa kuja. Macho yangu yalikuwa yanatoka machozi, na nilipikiwa nje, upepo ukipeleka moshi upande mwingine.

Nifanye nini?

Clementi


Kabasa, Bunda
3 Novemba 1974

Clementi,

Wazima. Pamba tumepeleka, hoho za mvua ndogo tumepanda, Felisiani amehamishwa ili akaagize mbegu mahali pengine.

Unaniuliza ufanye nini. Mimi ni mwalimu wa kisomo, si wa toba. Ila mama anapika nje, na mvua inaanza. Kijiji kiliahidiwa nyumba, na nyumba bado iko kwenye lori la hoho. Hilo si siri ya kazi.

Kwa kuwa umejibu bila kuulizwa, nakulipa hatua mbili. Zifunike mpaka zipoe kabisa, mvuke wake ndio unaovua ngozi. Halafu menya kwa vidole. Usikwangue kwa kisu, na maji yasizikaribie. Vidole vitakuwa vyeusi. Vumilia.

Petronila


Kamunyonge, Musoma
6 Januari 1975

Dada Petronila,

Heri ya mwaka mpya. Dorotea amerudi kunipikia. Watoto wazima.

Nilichukua likizo yangu yote, siku kumi na nne. Nilikwenda kwa mama nikiwa na panga, kamba na koleo la kuazima kwa dereva wetu Enoka. Siku ya kwanza akanipa kiti. Nikakiweka kando nikaenda kukata nguzo. Akachinja kuku. Siku ya pili samaki wa moto, kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Siku ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. "Karibu mgeni, chakula tayari." Mimi nachimba mashimo ya jiko lake, yeye ananikaribisha mgeni. Majirani walikuwa wanakuja kutazama karani akikanyaga udongo. Mmoja aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikamwambia bado.

Siku ya sita, wakati nakandika ukuta, nilimwambia bila kugeuka, "Mama, ile orodha niliandika mimi."

Akasema, "Najua kusoma."

Basi. Akaendelea kupepeta. Nami nikaendelea kukandika. Mchana akanipa kuku.

Siku ya tisa nilikuwa nimeezeka nusu. Nikashuka kutoka juu ya jiko, udongo mpaka kwenye viwiko, nyasi kichwani, njaa inaniuma. Nikatafuta kiti. Hakipo, amekirudisha kwa jirani. Yeye yuko ndani ya lile jiko ambalo halijaisha, ameshayapanga mafiga yake matatu, anachambua kunde. Hakunyanyua kichwa. Akasema:

"Hoho ziko chunguni. Ugali wa asubuhi ule pale. Nawa kwanza, usije ukanichafulia mafuta."

Nikanawa. Nikafunua mwenyewe. Zilikuwa za juzi, zimekolea limau na chumvi, mafuta ya pamba yamegeuka mekundu. Nilikula nimesimama, kwa mkono, kutoka chunguni, kama tulivyokuwa tukila tukitoka shule. Nilikula nyingi. Akasema, "Acha za Gati, anakujaga kesho na mbichi za Kabasa." Sijawahi kugombezwa vizuri hivyo.

Naona zinakaa siku nyingi. Hatua ya mwisho hujaniambia mpaka leo.

Barua hii nimeiandika leo na naipeleka posta leo. Kagua muhuri.

Mdogo wako,
Clementi


Kabasa, Bunda
12 Januari 1975

Mdogo wangu Clementi,

Salamu kwa Dorotea na watoto. Mvua nzuri. Makongoro amechaguliwa tena, ndama amekosa kura chache tu.

Muhuri nimeukagua. Siku ile ile. Nimemwonyesha na Gati, akasema labda posta wamekosea.

Hatua zilizobaki hizi hapa, hazina masharti. Toa mbegu, chana vipande virefu, majimaji yanayotoka usiyamwage. Tia chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, limau, na mafuta mpaka zilowe. Weka chungu kivulini, kizungushie kitambaa kibichi. Usizile siku hiyo. Zina hasira ya moto bado, zinahitaji kulala. Kesho yake ni nzuri, keshokutwa ni nzuri zaidi. Siku ya tano mpe mkuu wako.

Nilikwenda kuliona hilo jiko. Ukuta umepinda kama sentensi zako za ofisini, lakini halivuji. Mlango umeuweka upande unaoingiza upepo, moshi unarudi ndani wote. Mama anasema Pasaka uje uugeuze.

Nilimuuliza tukuwekee kuku. Akasema kuku wa nini. Kwa hiyo njoo na panga lako, na usitegemee kupikiwa.

Dada yako,
Petronila